Mtungi Mbichi wa Gam

Kijiwe cha Mama Hien ni ubao mrefu juu ya matofali, chini ya kipande cha bati, pale njia ya kijiji inapoishia kwenye uwanja wa kuchomea vyungu. Kahawa yake huchuruzika tone kwa tone kutoka kwenye kichujio cha bati hadi kwenye glasi yenye maziwa mazito, na haijawahi kumhurumia mtu mwenye haraka. Mchana ule wateja wote walikuwa na haraka na wote walikuwa wamekaa. Uwanjani wanawake walikuwa wamekwisha kupanga kuni, juu ya kuni vyungu, juu ya vyungu majani makavu ya mpunga. Katikati ya rundo ulichomoza mdomo wa mtungi mmoja mkubwa. Aliufinyanga Gam, ambaye alifariki mwezi wa saba. Mumewe, Tuong, mwalimu mstaafu, alikuwa amekaa mwishoni mwa ubao akiutazama. Asubuhi binti yao wa mwisho, Lieu, alimwambia neno moja tu: upepo wa alasiri ukianza tunawasha, baba, kabla ya hapo useme mtungi wa mama ubaki au utoke.

— Upepo bado, alisema Redio. Huyu ni fundi wa pikipiki, na jina alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amezimwa.

— Bado, alisema Tajiri, mchunga mbuzi ambaye mbuzi wake hawajawahi kufika kumi.

— Mwalimu, alisema Redio, mimi ningekuwa wewe ningeutoa. Chungu cha marehemu hakichomwi pamoja na vya walio hai. Mke wangu ana taa zake za udongo mle ndani, kazi ya mwezi mzima.

— Nani kasema hakichomwi?

— Wazee.

— Wazee gani, Redio? Mzee hapa ni wewe, na jana ulisema uchomwe.

— Jana sikuwa nimefikiri. Wahenga walisema, udongo upatilize ungali maji.

— Huo una miezi umekauka, alisema Mama Hien bila kugeuka.

— Ndiyo maana nasema.

Tuong alitazama glasi yake. Ilikuwa imejaa nusu, na tone lilining'inia chini ya kichujio, likikataa kuanguka.

— Kwa bibi yangu mzaa mama walijaribu, alisema Tajiri. Walichoma mtungi wa marehemu. Ulipasuka kama radi. Magae yakaruka mpaka zizini, yakaua beberu.

— Mwaka jana ulituambia beberu yule alikufa kwa kula mfuko wa plastiki.

— Huyo ni beberu mwingine. Sikilizeni basi. Uliopasuka ni mmoja, lakini vyungu vyote vilivyokuwa jirani yake viliondoka nao. Mfinyanzi hulia gaeni.

— Hiyo inahusianaje na kupasuka?

— Inahusiana na magae.

— Nyinyi mnaogopa wafu, alisema Mama Hien. Mimi naogopa walio hai. Basi la wageni likifika hapa, watauliza mtungi wa kwenye picha.

Hapo wote waligeuka kutazama njiani, kwa maana picha ilikuwa kwenye bango pale njia panda na kila mmoja aliipita kila siku: Gam amesimama kando ya mtungi uliotoka motoni, mwekundu, wenye madoa meusi ya moshi, unamfika kiunoni. Bango lile ndilo lililoleta wageni wa kwanza, na wageni wa kwanza walileta wengine. Sasa kulikuwa na njia ya kutembea kando ya mashamba ya mpunga mpaka machimbo ya udongo, na mkokoteni wa ng'ombe wenye kivuli, na nyumba saba za kulaza wageni. Redio alijenga choo cha wageni kabla hajaezeka jiko la mkewe. Lakini mgeni hununua kinachoingia kwenye begi, kwa hiyo wanawake walihamia kwenye taa, sanamu za tembo na vinara vidogo. Mitungi mikubwa ilibaki kwa Gam peke yake, na baada yake hapakuwa na mkono wa kuzinyanyua kuta zake. Mwenyekiti wa ushirika wa wafinyanzi alimwendea Lieu mbele ya wanawake wote akamwomba: mmoja tu, ule uliobaki nyumbani, wageni wauone ukitoka motoni.

— Wasipouona? aliuliza Tajiri.

— Wasipouona kampuni ya utalii itawapeleka kwingine, alisema Redio. Watapelekwa kule wanakoogelea matope.

— Na ukipasuka mbele yao?

— Ukipasuka mbele yao ni balaa zaidi, bwana. Watapiga picha. Picha itazunguka dunia: kijiji cha vyungu vinavyopasuka. Halafu kampuni italeta tanuri la umeme, itajenga kijiji kingine barabarani, iajiri wasichana wa mjini iwavishe sketi za mama zetu. Sisi tutakuwa tunalipa kiingilio kwenda kujiona.

— Mimi sitalipa.

— Utalipa, Tajiri. Na mbuzi wako watalipa. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Vimeundwa nini?

— Vyote.

Mama Hien aliliweka bonge la barafu chini, akamgeukia Tuong.

— Shemeji, usiwasikilize. Hawa wangeogopa hata yai.

— Ninasikiliza tu, alisema Tuong.

— Aseme, alisisitiza Redio. Yeye ndiye mume. Mwalimu, sema utoke, tumalize.

— Mume ni nini kwetu sisi Wacham, tunaofuata ukoo wa mama? aliuliza Mama Hien. Mume ni mgeni aliyekaa sana. Nyumba ya Lieu, udongo wa Lieu, mtungi wa Lieu. Akimwuliza baba yake ni adabu yake tu.

— Basi na yeye ajibu kwa adabu.

Alisema kweli Mama Hien, na Tuong hakuumia kwa kuisikia. Mifupa ya Gam ilikuwa ya ukoo wa mama yake Gam. Yake mwenyewe siku ikifika ingebebwa kwenda kwa mama yake yeye, ng'ambo ya mto, na hakuna mtu pale kijijini ambaye angeona ajabu. Kilichobaki cha wote wawili kilikuwa ule mtungi. Usiku kadhaa aliingiza mkono ndani yake hadi begani, akapapasa mifereji ya vidole vya mkewe, mmoja baada ya mwingine, kutoka chini kupanda juu. Ukiungua salama, mifereji ile ingedumu kuliko wajukuu. Ukipasuka, ingekwisha leo. Ukibaki mbichi, tundu moja la bati na mvua moja vingetosha. Alikuwa ameipima hesabu hiyo kwa wiki nzima, na kila mara jibu lilitoka tofauti.

— Kuna jambo jingine, alisema Tajiri kwa sauti ya chini. Huenda usipasuke. Huenda ukavuta moto wote kwake. Ukatoka mzuri, na vyetu vyote vikatoka vibichi.

— Kwa nini ufanye hivyo?

— Kwa sababu aliyeufinyanga ana baridi.

Mama Hien alimtazama mpaka akainamia glasi yake.

— Samahani, Mwalimu.

— Haidhuru.

Ndipo akafika mama mmoja muuza tiketi za bahati nasibu, mwenye kofia ya majani na kandambili zilizokatika zikafungwa kwa waya. Alitoka mjini, hakuna aliyemjua. Aliomba maji, akaketi mwisho wa pili wa ubao, na kwa kuwa hakuna aliyenunua tiketi akaanza kusikiliza. Redio alimsimulia yote upya, pamoja na beberu.

— Huyo marehemu, alisema yule mama, alifariki siku ileile alipoufinyanga?

— Hapana. Aliufinyanga mwezi wa pili, akafariki wa saba.

— Aliugua muda mrefu?

— Siku chache tu, alisema Tuong. Ghafla.

— Na kati ya mwezi wa pili na wa saba hamkuchoma hapa?

— Tulichoma, alisema Mama Hien. Mara tatu, nne. Na yeye alikuwepo, alichoma taa zake.

— Sasa kwa nini mtungi hakuuchoma mwenyewe?

Redio alifungua mdomo. Tajiri akamgeukia, akingoja. Yule mama alimaliza maji yake, akawatazama mmoja mmoja, kama aliyeuliza njia ya kwenda kituoni akashangaa wenyeji hawaijui.

Tuong alitafuta jibu kichwani. Mara ya kwanza Gam alisema miguu inamuuma. Mara ya pili alisema upepo si mzuri, na upepo ulikuwa mzuri. Mara ya tatu hakusema lolote. Alipita kando ya mtungi amebeba taa zake kwenye ungo, na yeye, mumewe, alikuwa mlangoni akisoma gazeti, akainua miguu ampishe. Hakumwuliza.

Juu ya vichwa vyao bati likaanza kugongagonga.

— Upepo, alisema Redio, taratibu kuliko kawaida yake.

Tuong aliinuka, akavuka kwenda uwanjani. Lieu alikuwa amesimama na mwenge wa majani mkononi, bado haujawashwa, na wanawake wengine nyuma yake wamejifunga vitambaa puani.

— Baba, umekuja upepo.

— Nimeusikia. Lieu, kwa nini mama yako hakuuchoma huu?

Lieu aliyatazama majani mkononi mwake.

— Nilimuuliza. Ile mara ya mwisho.

— Akasemaje?

— Alisema, ukitoka motoni utauzwa. Alisema mitungi yake yote imekwenda, hata ule wa kwenye picha hajui uko nchi gani. Huu ukiwa mbichi hakuna atakayeutaka.

Tuong aliugeukia mtungi katikati ya rundo.

— Mbona hukuniambia?

— Nilidhani unajua. Mlikuwa nyumba moja. Halafu Mwenyekiti akaniomba mbele za watu, nikashindwa kukataa. Nikasema nikuachie wewe. Nilijua utautoa. Siku zikapita, nikaona hujui.

Tuong alichuchumaa, akaanza kuondoa majani kwa mikono, shada kwa shada. Lieu aliweka mwenge chini, akamsaidia. Mke wa Redio alizisogeza taa zake mwenyewe ili wapate pa kukanyaga.

— Si mdomoni, baba. Mdomo mbichi hukatika. Shika chini, kwenye tumbo.

Waliuinua. Ulikuwa mzito kuliko alivyokumbuka, na haukuwa na mahali pa kushika bila kuogopa. Pale kwenye kona basi likapiga honi, likaingia na vumbi lake. Mwenyekiti akatoka ofisini akitembea upesi, akaona, akasimama. Milango ikafunguka. Kule kijiweni Redio aliuliza watapiga picha nini sasa. Katikati ya rundo kulibaki shimo la duara, na mke wa Redio alikuwa ameanza kulijaza kwa tembo wa udongo.

Njia ya kwenda nyumbani ilipita katikati ya wageni. Tuong alikwenda kinyumenyume, kama wanawake wa pale wanavyouzunguka udongo wanapofinyanga, shavu lake limegusa ubavu wa mtungi, macho yake kwa Lieu.

— Wapishe, baba. Taratibu. Jiwe, kisigino cha kushoto.

Akalipita.

— Kuna lingine.