Uzi Mwekundu kwenye Waya wa Kijivu

Tarehe 31 Machi 2025, Bi. Dochka Karadzhova, karani wa shule yetu ya Dolno Yavorovo, anastaafu baada ya miaka thelathini na minane na miezi saba ya kazi.

Alianza Septemba 1986 akiwa mpiga chapa. Mashine yake ingali juu ya kabati la ofisi, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Wanafunzi wote humwita Shangazi Dochka. Kila sikukuu ya jina lake huleta sinia mbili za pai ya jibini iitwayo banitsa, moja ya walimu na moja ya wenye njaa kweli.

Mwaka 2004 shule ilipata ruta yake ya kwanza, kisanduku cha kugawia kompyuta zote intaneti. Kabla ya hapo kompyuta moja tu ndiyo iliyofika kwenye intaneti, kwa laini ya simu, na mtu yeyote akipiga simu shuleni kila kitu kilikatika. Mwalimu Mkuu, Bw. Hristozov, aliuliza nani anaweza kuifunga ruta hiyo. Walimu wakatazama viatu vyao. Shangazi Dochka akaibeba nyumbani pamoja na kamusi, na Jumatatu akaiwasha.

Aliwahi kunieleza inavyofanya kazi, na mpaka leo nashangaa. Waya mmoja hutoka kwenye nguzo ya barabarani na kuingia katika tundu lililo peke yake. Nyaya nyingine nne huenda kwenye mashine za ofisi, kila moja na namba yake. Huko nje dunia nzima inaona anwani moja tu. Majibu yote hurudi hapo, na kisanduku hicho, kidogo kuliko kitabu cha hesabu, hukumbuka nani aliuliza nini. Hakijawahi kumpa mhasibu jibu la mwalimu.

Nyaya zote ni za kijivu. Ili zisichanganywe, Shangazi Dochka aliufungia ule wa nje martenitsa, uzi mwekundu na mweupe tunaouvaa kila Machi mpaka tumwone korongo wa kwanza, ndipo tunauhamishia kwenye mti unaochanua.

Machi 2016, ofisi ya elimu ilitaka orodha ya darasa la kwanza kwa intaneti kabla ya saa kumi na moja jioni. Bila orodha, hakuna darasa, na watoto wangepanda basi kila asubuhi kwenda ng'ambo ya mlima. Siku hiyo Shangazi Dochka alikuwa kwa daktari wa meno. Alirudi saa kumi na nusu, shavu limevimba, akakuta intaneti haipo tangu asubuhi. Kampuni ya intaneti ilisema kwao kila kitu ni sawa.

"Tumekwisha, Dochka," alisema Mwalimu Mkuu.

Shangazi Dochka alikuwa anatazama dirishani. Kwenye mplamu uliochanua uani ulining'inia uzi mwekundu na mweupe, na chini yake Shangazi Stamena, msafishaji wetu, alikuwa anafagia.

"Stamena! Uzi huo umeutoa wapi?"

"Kwenye waya wako! Nilikuwa napangusa vumbi, nikamwona korongo. Ulitaka waya uuvae mpaka Krismasi?"

"Na nyaya ukazichomoa?"

"Nikazirudisha zote! Njoo uhesabu, hakuna tundu lililobaki wazi."

Shangazi Dochka akaingia chini ya meza. "Mkuu, sogeza mguu. Umeikanyaga dunia."

Aliufuata waya kwa vidole kutoka ukutani mpaka kwenye tundu lisilo lake, akaurudisha kwake. Taa ikawa ya kijani. Orodha iliondoka saa kumi na dakika hamsini na tatu.

Kesho yake alifunga uzi mpya, na kikaratasi: "Stamena, huu haumsubiri korongo."

Orodha ile ilikuwa na majina kumi na sita. La kumi na moja ni langu. Sijawahi kupanda basi kwenda shule.

Shangazi Dochka, asante. Tunakuombea afya, nyanya nyingi bustanini na meno yasiyouma. Korongo amefika Alhamisi, na nyuzi zetu zote ziko kwenye mplamu. Wako, ulio kwenye waya, hatutaugusa.