Jogoo Mweupe wa Baba Mkwe

Mwaka ule wa hamsini na sita, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi pale Kolwezi, aliyetaka ukweli alikwenda kanisani, na aliyetaka mengine yote alikwenda kwenye ubao wa Mama Odile. Ubao wenyewe ulilala juu ya mapipa mawili, mbele ya nyumba alimouzia kahawa na kufulia watu mashati. Jumapili hiyo Kabeya alifika na jogoo mweupe kwapani. Ndiye aliyebaki peke yake, kwani wengine wote mwewe aliwamaliza mmoja mmoja, mchana kweupe. Na huyu hakuwa kuku wa kuchezea jamani. Baba mkwe alikuwa njiani kutoka Kasai, anakuja kuona binti yake Mbelu anaishije, na katika ukoo wao mkwe hupokewa mlangoni kwa jogoo mweupe, tena huonyeshwa akiwa hai kabla ya kisu. Jogoo akikosekana, mzee hurudi alikotoka, na binti yake humfuata nyuma. Kabeya alimpenda mke wake vibaya sana, na usingizi ulikuwa umemhama.

— Nilimufungia chini ya kitanda, akasema. Hapana kula. Analia tu, anakonda. Nikimutoa inje akule badudu, mwewe anamubeba. Nikimufunga, anabakia mifupa. Tata-mukwe anafika siku ya tatu. Nifanye namna gani?

— Muficha uchi hazai, akajibu Ngoy.

Huyu Ngoy alikuwa mtu wa baruti kule mgodini, wakamwita Dinamiti. Sikio lake la kushoto lilikwisha kustaafu kabla yake, kwa hiyo alizungumza kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

— Iyo inaingia wapi mu mambo ya kuku?

— Inaingia. Kuku anataka kutembea. Kuku ya kufungwa hapana kuku, iko mufungwa.

— Basi nimuachilie mwewe amukule?

— Hapana. Mufunge kopo mukiani. Akitembea, kopo inalia. Mwewe anafikiri ni baruti, anakimbia.

— Na jogoo mwenyewe?

— Atazoea. Mi sikuzoea?

Kabeya aliangalia lile sikio, akanywa kahawa yake taratibu.

Hapo Mukendi akakohoa. Mukendi alikuwa karani, mtu wa tai hata jua likichoma, na jina lake la kijiweni lilikuwa Karatasi, maana kila alichokisema alidai kimeandikwa mahali.

— Imeandikwa, akasema, mwewe haonake kuku. Anaonaka kivuli. Umutembeze saa sita kamili, wakati kivuli iko chini ya miguu.

— Na saa zingine?

— Saa zingine alale.

— Karatasi, jogoo wangu anakonda, nawe unamupatia ratiba.

— Ngoja, sijamaliza. Shida ni rangi. Mweupe vile, anaonekana toka Lubudi. Sasa niambie, umekwisha kuona kuku ya bulu?

— Hata siku moja.

— Mwewe pia. Kitu yenye hajui, hawezi kuikula. Mama yake hakumufundisha. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Siku nyingine Kabeya angecheka mpaka amwage kahawa. Lakini mtu aliyekesha siku tatu akimlinda kuku ana akili zake za pekee. Macho yake yalikwenda kwenye beseni la Mama Odile, pale kola za makarani zilipokuwa zimelowa katika buluu ya kufulia.

— Inatokaka na mayi ya sabuni?

— Inatoka, akasema Karatasi. Shati yangu ni shahidi.

— Mu beseni yangu, hapana, akasema Mama Odile. Kisha akatoa kola moja baada ya nyingine, akawapisha, kwa sababu naye alitaka kuona.

Wakamchovya jogoo. Mara ya kwanza akatoka kama majivu. Dinamiti akamwaga pakiti nzima ya unga wa buluu, akamzamisha tena mpaka kilemba.

— Haba na haba hujaza kibaba, akanguruma.

Jogoo akatoka bulu, bulu ya kanzu ya Bikira Maria. Akajikung'uta, tai ya Karatasi ikapata sehemu yake, kisha akaenda zake kuparua udongo karibu na mfereji. Alikula mchwa kama aliyetoka jela.

Mwewe naye hakuchelewa. Akazunguka juu ya mapaa, akashuka na makucha yamefunguka. Akafika karibu na kichwa cha jogoo, akatazama, akapiga mabawa kurudi juu, akaelekea upande wa nyumba za Wazungu.

— Mi nasema nini? akauliza Karatasi. Mi nasema nini kila siku?

Wakapeana mikono. Kabeya hata akamkumbatia.

— Mwenye kuniongoza kwa Kabeya, muume wa Mbelu, iko hapa?

Sauti ilitoka nyuma yao. Mzee mmoja alikuwa amesimama penye kona, kofia mkononi, sanduku miguuni.

— Nilipata nafasi mu gari ya mizigo, nikafika mbele ya siku yangu. Nilisimama kiloko, kidogo tu, nikaangalia ile mwewe.

Kabeya akageuka, macho chini kama inavyompasa mkwe. Mikono yake ilikuwa bulu mpaka viwiko. Akaogopa kuliko siku ya posa. Karatasi, ambaye mdomo wake haujui likizo, akamsaidia.

— Karibu, tata. Jogoo yako ndo ile, tulikuchungia muzuri.

Mzee akamtazama jogoo. Akatazama juu, mwewe alikokwenda.

— Ile yenye mwewe alikataa?

— Ndo ile, tata.

Mzee akavaa kofia yake polepole, akaiangalia mikono ya Kabeya.

— Na mwana wangu Mbelu, ili mwewe asimukamate, mulimupaka rangi gani?

Karatasi akatafuta lililoandikwa, asilipate. Dinamiti akamgeuzia mzee sikio la kushoto. Kabeya aliona njia ya reli yote, toka Kolwezi mpaka Kasai, na Mbelu akiwa dirishani.

Mama Odile akasema kahawa imekwisha, watu waende kwao, ingawa birika lilikuwa bado zito mkononi mwake.