Mama Nyuzi Anakabidhi Beseni

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama anakabidhi funguo za chumba cha leza baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Mkuu wa maabara aliwaomba watatu kati yenu, wafanyakazi wenzake Mama, waandike wasifu huu. Wote walianza na sifa, wakaishia kulalamika. Ndipo kazi ikaniangukia mimi, bintiye wa miaka kumi na sita, ambaye hata kujibu swali darasani hunitoa jasho.

Kwa wageni wetu: gesi hupitishwa kwenye tundu dogo kuliko la sindano, ikaingia ndani ya chombo cha chuma kilichonyonywa hewa yote. Hapo hutanuka kwa kasi ya ajabu na kupoa ghafla. Huwezi kuichomekea kipimo, utaiharibu. Kwa hiyo Mama hupitisha mwali wa leza katikati yake. Chembe za gesi hutawanya mwanga kidogo sana pembeni, na mwanga huo ukipimwa hujulikana gesi imesongamana kiasi gani. Ila uzi mmoja wa nguo hung'aa kuliko gesi yote hiyo. Adha yenu na yetu ilianzia hapo.

Sweta, marufuku. Leso mfukoni, marufuku. Profesa mgeni alivuliwa koti mlangoni kama mtoto wa chekechea. “Dada, hata mama mkwe hakunikagua hivi,” alinung'unika. Mama akamwonyesha ndoano ya kulitundika.

Nyumbani nako hatukupona. Vitambaa vya kufutia vioo vya chombo vilitakiwa kufuliwa kwa mkono, kwenye beseni lao peke yao, na kusuuzwa mara tatu. Mfuaji nani? Mimi. Kila Jumapili, iwe mvua, iwe mtihani.

Miaka minne iliyopita, mkondo wa gesi ulianza kumetameta. Mkashangilia: gesi imeanza kushikana kuwa vitone, jambo mlilolisaka miaka sita! Makala ikaandikwa. Siku mbili kabla haijatumwa, Mama aliweka kitambaa chake chini ya hadubini, kisha akasimama kikaoni na kusema mnachokiona ni nyuzi, vitambaa ni vyake na alivifua mwenyewe. Makala ikafutwa. Tangu hapo mnamwita Mama Nyuzi, na kila mgeni husimuliwa kisa hicho kabla hajapewa kiti. Yeye huitika tu.

Sasa nitoe lililonikaa kooni. Nyuzi zile zilikuwa za rangi ya waridi, rangi ya blanketi langu. Jumapili ile nilikuwa nimechoshwa na beseni lake, nikavitumbukiza vitambaa kwenye maji niliyofulia blanketi. Mama alijua tangu pale kwenye hadubini. Alirudi nyumbani, akalitazama blanketi, akanitazama mimi, akasema, “Maji yakimwagika hayazoleki. Haya, lete beseni.” Basi.

Kwa miaka ishirini na tisa hajawahi kudanganya hata kwa namba moja. Alidanganya siku ile tu, kwamba alifua yeye.

Kwa hiyo jina hilo la Nyuzi naomba mnipe mimi, ni langu. Mama, asante kwa kutuchosha sote sawasawa. Pumzika kwa afya na furaha, na vumbi la sebuleni ulionee huruma. Vitambaa vya mwisho nimevifua jana. Peke yao. Mara tatu.