Papa Bulonza na Jitu la Chuma Lililozikwa Kabla ya Kuajiriwa

Papa Bulonza Ignace anastaafu tarehe 31 Desemba 1991, baada ya miaka ishirini na saba katika kibanda cha mashine cha ukumbi wetu wa sinema hapa Nyawera, mjini Bukavu. Aliingia akiwa kijana mwembamba mwenye shati moja jeupe. Anatoka na mvi, na mgongo unaouma kwa kuinama kwenye mashine, na sauti ambayo nusu ya mji huu ingeitambua hata gizani. Mimi Mapendo, muuza tikiti wa dirishani, nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu nimemsikia kupita kiasi.

Vijana hawajui kwamba ukumbi huu una mashine hadi leo kwa ajili yake. Vita vya 1967 vilipofika mjini, kila mtu alikimbia na kilichokuwa chake. Papa Bulonza alifungua lenzi, akaitia ndani ya gunia la viazi vitamu, akaenda nayo kwa miguu hadi kijijini kwao, Miti. Mkewe alilalamika kwamba godoro limeachwa. Aliporudi, godoro halikuwepo, lakini Jumapili iliyofuata watu walitazama filamu. Ni mkaidi, mtatuwia radhi, na ukaidi wake ulitulisha.

Sasa tufike kwenye Jitu la Chuma, maana najua ndilo mlilokuja kulisikia. Mwaka 1980 uongozi uliagiza filamu ya Kihindi, ya mapenzi na nyimbo. Mizigo ikachanganywa huko njiani, tukaletewa mikebe mitano ya katuni kutoka Japani: jitu la chuma refu kuliko kanisa, lenye pembe, likipigana na mnyama mkubwa atokaye ziwani. Sauti zote zilikuwa za Kijapani. Maandishi juu ya mikebe pia yalikuwa ya Kijapani, na hakuna mtu Bukavu nzima aliyeweza kutuambia mkebe upi unatangulia. Tikiti zilikuwa zimeshauzwa. Papa Bulonza akachagua kwa kukisia, na kumbe akaanza na wa mwisho, akamaliza na wa kwanza.

Basi filamu ikafunguka kwa kifo. Mnyama anaanguka ziwani, jitu linavunjika, watu wadogo wanalia. Mkebe uliofuata, jitu liko kiwandani, zima, linapakwa rangi kabla ya kutumwa vitani. Ukumbi ukaanza kupiga kelele. Hapo Papa Bulonza akashika mikrofoni ya matangazo, akasema: "Mutulie! Huyu kwanza wanamuzika, kisha ndio wanamupa kazi. Ni vile tu, administration yetu!" Watu walicheka mpaka viti vikalia.

Tangu siku hiyo Papa Bulonza alizima sauti ya Kijapani, akalisemea jitu mwenyewe kwa mikrofoni, nalo likawa mtumishi wa serikali. Kabla ya kurusha ngumi lilingoja muhuri. Lilikosa mafuta ya mazuti katikati ya vita. Siku ya Jumamosi halikupigana kabisa, lilikuwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara. Wajapani waliotengeneza filamu ile walitaka watu watetemeke. Sisi tulishika mbavu. Juma la pili Papa Bulonza alikuwa amegundua mpangilio wenyewe, akataka kuurekebisha. Watazamaji walikataa katakata. Ikawa desturi yetu: kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa tisa, Jitu la Chuma kinyumenyume, mkebe wa mwisho kwanza.

Sauti ya mnyama ilikuwa ya Kasongo Atumani, mkata tikiti wetu wa mlangoni, mtoto wa wafanyabiashara wa Uvira, aliyeketi kibandani kando ya Papa Bulonza. Alikuwa na kifua kama ngoma na njaa isiyoisha, akampa mnyama vyote viwili. Mnyama alipoanguka ziwani, Kasongo alipaza sauti: "Mumwambie Mwamvua asifunge mulango, niko narudia kukula!" Mwamvua ni mkewe, na kila mara alikuwa amekaa palepale, mstari wa tatu, akificha uso kwa kitenge kwa aibu na raha. Kwa kuwa filamu yetu ilikwenda kinyume, mnyama alirudi kweli. Karibu na mwisho alichomoza majini mzima kabisa, na Kasongo akauliza: "Nimerudia! Bugali iko?" Ukumbi wote ulimjibu kwamba iko.

Aya inayofuata isingeandikwa miaka mitatu iliyopita, chama kilipokuwa kimoja na masikio yake kila mahali. Naiandika sasa.

Jumapili moja ya 1983, kwenye filamu mwendeshaji anayekaa ndani ya kichwa cha jitu ameshuka kunywa maji, na mnyama anagonga kichwa cha chuma kwa kucha. Ndivyo picha inavyoonyesha, na Kasongo alisema kilichoonekana: "Hodi! Hodi ku kichwa! Hamuna mutu mu hii kichwa?" Watu walilipuka kwa kicheko. Wanaume wawili wa mstari wa mbele, waliodhani kinasemwa kichwa cha nchi, hawakucheka. Baada ya filamu walimngoja mlangoni kwa adabu sana, wakasema ni maswali madogo tu. Kasongo alipopita dirishani kwangu katikati yao alitabasamu, akaniambia nimwambie Mwamvua asifunge mlango. Koti lake alikuwa ameliacha kitini.

Mwamvua alikuwa ametangulia nyumbani kupika. Nilimpelekea ujumbe, naye akacheka, akidhani ni mchezo uleule wa filamu. Mimi nilishindwa kucheka naye, na hapo ndipo alipoelewa.

Papa Bulonza alimtafuta kila mahali ambapo mtu angeweza kuuliza na bado akarudi nyumbani. Kila mahali alijibiwa kwamba jina hilo halijulikani. Uongozi ukapendekeza sauti nyingine. Papa Bulonza alisema siku atakapowekwa mtu mwingine kwenye kiti kile cha Kasongo, yeye ataondoka na lenzi yake Miti, na walijua njia anaijua. Akaendelea peke yake. Jitu liliongea. Mnyama alipofungua mdomo, Papa Bulonza alinyamaza, na ukumbi mzima ukasikiliza mashine ikizunguka. Mnyama aliendelea kuanguka mwanzoni na kurudi mwishoni, mwezi baada ya mwezi, bila neno. Mwamvua hakukosa hata mara moja. Na mlango wake ulilala wazi, mvua au baridi. Waliiba sufuria, waliiba redio, hakuufunga.

Siku chache kabla ya Noeli Mwamvua alipanda kibandani. Nilikuwa hapo nikipeleka chai. Alisema: "Papa Bulonza, mbele ya kuacha kazi, utuonyeshe ile filme vile benyewe baliitengeneza. Miye nimechoka kungojea." Papa Bulonza alishika mkebe mmoja, akauweka chini, akaushika tena. Akamjibu kwamba sawa.

Jumapili iliyopita, kwa mara ya kwanza, Jitu la Chuma lilikwenda sawasawa. Lilitengenezwa, likapigana, hakuna muhuri wala mazuti. Papa Bulonza hakufanya mzaha wowote. Katika mkebe wa tano mnyama alianguka ziwani, na kwa sauti yake nzito ya kizee alisema maneno ya Kasongo, yale ya mlango. Maji yakatulia. Tulingoja. Kitambaa cheupe kikabaki cheupe, taa zikawashwa, na mnyama hakurudi. Hakuna aliyesimama kabla ya Mwamvua kusimama.

Nilimsindikiza hadi kwake. Aliniambia nisiingie. Akaingia peke yake, akafunga mlango, nikasikia komeo likipita. Nilisimama nje na kulia kama mtoto, sioni haya kulisema.

Papa Bulonza, mikebe mitano umeiandika namba kwa rangi nyeupe, kuanzia moja hadi tano, na hakuna atakayeichanganya tena. Asante kwa lenzi, kwa vicheko, na kwa kimya ulichokilinda miaka yote hii. Maharagwe yako ya Miti yazae, mgongo wako upoe, na Mungu akupe siku nyingi nzuri. Ukifika nyumbani ufunge mlango, ulale. Hakuna tena tunayemngoja.