Sala Iliyobandikwa Nyuma ya Kitabu cha Nyimbo

Kabla sijakunjua karatasi hii, ndugu waombolezaji, kila mmoja aniapie hapo hapo alipokaa kwamba nitakachosema hakitoki nje ya uzio huu, na wewe fundi bomba acha kucheka, nakujua, mdomo wako unavuja kuliko mabomba yako, haya, mmeapa, naanza.

Marehemu kaka yangu alizaliwa Jumanne tarehe 9 Machi 1948, katika chumba cha nyuma ya kibanda cha baba yetu fundi viatu, mtoto wa kwanza kati ya wanne, mimi nikiwa kitinda mimba, na tangu alipojua kuongea, ukimwambia pasi inaunguza anakuuliza "nani kasema?" huku kidole kinakwenda, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Nani-Kasema.

Alianza shule Januari 1955, na alipofika darasa la tano, kwenye kipindi cha dini, akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mbona Mungu anachukia yale yale anayochukia mwalimu mkuu?", akala viboko sita, akarudi nyumbani anatembea kama bata, mama akamkanda huku anamgombeza, uso kaugeuzia ukutani tusione anavyocheka.

Tarehe 1 Septemba 1974 aliajiriwa chuo kikuu kufundisha falsafa, ofisi ghorofa ya tatu, dirisha halifungi, vitabu mpaka juu ya kiti cha mgeni, akafundisha miaka thelathini na nne, na mwaka 1981 akatoa kile kitabu chenye jalada la kijani kilichomletea maneno, kwamba dini ni kazi ya mikono ya watu. Mimi niliyeishia darasa la nne nilifungua ukurasa wa kwanza nikapata usingizi mzuri sana, basi nikamfuata jikoni anieleze, akasema, "Dada, watu wamechukua huruma yao wenyewe na haki yao wenyewe, wakazipandisha mbinguni, halafu wakabaki chini wanapiga magoti wakiomba zirudi." Nikamuuliza, "Kwa hiyo mimi nikisali naongea na nani?" Akasema, "Na wewe mwenyewe, siku ile ukiwa mwema." Nikamwambia basi huyo huwa simkuti nyumbani, tukacheka mpaka maziwa yakamwagika jikoni.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Agosti 1976 na wifi yangu huyu hapa, aliyekuwa akiunganisha simu posta, mwanakwaya wa sauti ya kwanza, wakajaliwa binti mfamasia mwaka 1978 na mwana fundi wa kuchomelea mwaka 1982, na kila Jumapili alimsindikiza mkewe mpaka geti la kanisa, yeye akakaa kwenye kiukuta cha nje na gazeti lake, watu wakimpita wanasonya, hata siku mvua inanyesha alikaa na mwavuli.

Sasa sogeeni. Februari 2011 presha ya macho ilimpofusha wifi, na kaka, huyu huyu wa jalada la kijani, akaanza kumsomea kitabu cha sala kila asubuhi saa kumi na mbili, pale mezani jikoni, bila kuruka mstari, na "Amina" anaitamka. Mwaka 2013 wifi akamwambia, "Baba watoto, hizi nimezijua zote, nitafutie kitabu kingine," akaleta kitabu, akasoma sala ambazo wifi hajawahi kuzisikia, nzuri mpaka wifi akazikariri, na moja akaipeleka kwa kina mama, wakaichapa, wakaibandika nyuma ya kila kitabu cha nyimbo, ile ya wagonjwa, ile inayosema, "Utushike mkono tusipoona njia, na tukiukosa mkono wako, utupe wa jirani."

Hakukuwa na kitabu, jamani! Alikuwa kashika daftari la hesabu za wajukuu, anatunga.

Aliugua moyo, akalazwa tarehe 3 Mei 2019, na pale kitandani aliniambia, "Dada, sijabadilika, usije ukawadanganya watu nikishakufa," nami sidanganyi, hakubadilika, akafariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2019 saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mlioleta viti na masufuria, walimu wenzake mliobeba jeneza mpaka hapa, na wewe Mchungaji, mwanangu, uliyetuambia jana kwamba utakuja kama jirani tu, bila joho na bila sala, kwa sababu marehemu aliikana dini. Wifi hakuomba kaburi la marumaru, aliomba sala moja tu. Nawe mama yako alipolazwa ulimsomea ile ya nyuma ya kitabu siku tisa, ukalia, nilikuwepo. Sikuombi utunge kitu, baba, wala usiseme aliamini. Msomee yake.

Kapumzike, kaka yangu, kwa amani uliyowatakia wenzio. Najua hapo ulipo unataka kuuliza nani kasema. Kasema mkeo, juzi, chumbani, kaniapisha nisimwambie mtu: alijua tangu asubuhi ya kwanza ya kile kitabu kingine, maana hakusikia ukurasa hata mmoja ukigeuka.