Uzi wa Kidole cha Sita

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea kwa ufupi maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi mlimwita Mwalimu Sindano, na mtuvumilie, maana tumechoka, naye alichoka kutushinda.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, kifungua mimba wa baba yetu, aliyekuwa mkuu wa nyumba ya kulelea watoto iliyokuwa nyuma ya hospitali, akahitimu ushonaji mwaka 1968, kisha akafundisha chuo cha ufundi hadi alipostaafu mwaka 2004, na pindo lililopinda alilifumua mbele ya darasa zima, mwenye nguo alie asilie.

Mwaka 1973 alifunga ndoa na fundi seremala, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 1990, na hawakujaliwa kuzaa. Tarehe 11 Juni 1981 baba aliwaletea mtoto mchanga wa kike, akisema mama yake amefariki, na mtoto alikuwa na kidole cha sita kilichofungwa uzi mwekundu ili kikauke kianguke, uzi ambao marehemu aliutambua mara moja kuwa umechomolewa kwenye pindo la gauni.

Baba alifariki mwaka 1996, na Juni iliyofuata mlangoni kwa marehemu akabisha hodi mfua nguo wa hospitali, mama ambaye kila mwaka alikwenda kwa baba kuomba aonyeshwe kaburi la mwanawe apalilie, na kila mwaka baba alimrudisha getini. Marehemu alimkaribisha ndani, akasikia habari za mtoto aliyesemekana kafa, aliyefungwa kidole kwa uzi wa gauni jekundu, akamwomba arudi kesho.

Jioni ile shangazi zetu walimsihi asimvunjie baba heshima kaburini, wakamwambia yaliyopita si ndwele, naye akajibu kwamba yake hayajapita, yako jikoni yanaosha vyombo. Aliogopa sana kubaki peke yake, na alilisema hilo, lakini kesho yake aliwakalisha mama na binti mezani akawaeleza yote.

Binti hakuhama, mama hakumlazimisha, wala hakusamehe. Kila Jumamosi alikuja kukaa na mwanawe, na chai aliyotengewa na marehemu ikapoa bila kuguswa. Marehemu aliwatafuta pia akina mama wengine ambao watoto wao baba aliwagawia watu wengine, akawapata wachache, na baadhi walimfukuza.

Mwaka 2018 aliugua kansa ya koo, na aliyefua mashuka yake ni mama yule yule, hakusema amesamehe, na marehemu hakuuliza. Alifariki tarehe 9 Septemba 2019, saa saba mchana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuchotea maji, na walimu wenzake wa chuo.

Imebaki sentensi moja, ambayo jana tuliibishania mpaka sauti zikakauka, kwa kuwa marehemu aliagiza tusimtaje kuwa na mtoto, maana hakuwa wake. Mfua nguo alitusikiliza, akaweka beseni chini, akasema, “Andikeni ameacha binti. Na msiongeze neno.”

Marehemu ameacha binti mmoja.

Dada, umechoka vya kutosha, pumzika sasa kwa amani.