Chaga za Kitanda cha Mama

Akina mama wenzangu, naandika haya mkae macho. Mchana huu, ndani ya basi, kijana mpiga gitaa la besi alipakata kibao chenye pedali nne, vile vidude vya kukanyaga ili sauti ibadilike. Seremala aliyekaa naye akakipapasa. "Mbao zimekauka vizuri. Umezitoa wapi, mdogo wangu?"

"Ni chaga tatu za kitanda cha mama, kaka. Zinaachana kidogo, nyaya zinapita katikati."

"Na mama analalia nini?"

"Yuko safari, anarudi leo jioni. Halafu ni mwepesi." Mwepesi, yeye aliyembeba miezi tisa!

"Zirudishe, atavunjika kiuno."

"Harusini nipange pedali sakafuni, wanaocheza wazipige mateke?"

Seremala akakipima kibao kwa shubiri. Nikajua sasa mtu mzima atamkanya. "Ungetoa chaga ya nne," akasema, "hapa ingekaa pedali ya tano."

Basi likasimama, kijana akashuka anatabasamu. Wewe mama uliye safarini, sikujui, lakini nakuomba ukifika usijitupe kitandani.